Vumbi la Nyota, Masizi ya Ubani

Mwezi uliopita Dokta Mbarouk, mwalimu wangu wa fizikia, alifariki dunia, na siku ya pili ya azaa, matanga yake, nikaenda nyumbani kwake Qurum kumpa pole mjane wake. Ukumbi wa wanawake ulikuwa baridi kama jokofu. Viatu vilikuwa vimezagaa mlangoni, juzuu zikipita mkono kwa mkono, na baina ya juzuu moja na nyingine mazungumzo yalikwenda kama yaendavyo katika kila azaa ya watu wetu wenye asili ya Unguja hapa Maskati: sentensi inaanza kwa Kiarabu, inapita kumuulizia mgonjwa kwa Kiswahili, kisha inarudi kumalizikia kwa dua. Bi Asma, mjane, alinishika mkono asitake kuuachia.

“Raya? Raya mjukuu wa Bi Nunu?”

“Ndiye mimi, Bi Asma. Mungu akupe subira.”

“Amin, mwanangu. Marehemu akikutaja wewe! Kila mwaka wanafunzi wake wakija kufuturu hapa, lazima awahadithie kisa chako. Na kila mwaka kinarefuka.” Akacheka huku akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. “Mwaka jana kilifika pahala Bi Nunu kapanda jukwaani kawahutubia wazungu. Hebu nambie wewe, alihutubia kweli?”

“Hakuhutubia, Bi Asma.”

“Basi kiandike kilivyokuwa, kabla hakijaharibika zaidi.”

Ninaandika, basi, kwa kuwa niliagizwa, na kwa kuwa katika watatu wa kisa chenyewe, Bibi, Dokta na mimi, nimebaki mimi tu. Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho chuoni, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Idara yetu ilikuwa na nafasi moja tu ya kumpeleka mhitimu ng’ambo kusomea shahada ya pili, na nafasi hiyo ilitolewa kwa kuutazama mradi wa utafiti ambao kila mwanafunzi aliufanya mwaka wa mwisho. Niliitaka safari ile kwa namna ambayo sijapata kutaka kitu kingine chochote tangu hapo, na ninayasema haya nikiwa nimeshaolewa, nimeshazaa, na nimeshajenga nyumba. Usingizini nilikuwa nikijiona nimevaa koti zito, natembea katika mji ambao pumzi ya mtu inaonekana, na nikiamka naikuta Maskati yangu, kiyoyozi kinanguruma na jua limeshasimama juu ya mlima kama mtu aliyefika mapema kuliko alivyoalikwa.

Niliishi kwa Bibi yangu, Wadi Adai, katika nyumba ya chini yenye uwa wa saruji nyuma. Kwa nini niliishi kwake ni habari nyingine, wala haina haja hapa. Nyumba ile nikifumba macho bado ninaiona chumba kwa chumba. Sebule ilikuwa na makochi mekundu yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na juu ya kila kitambaa kimetandazwa kitambaa kingine cha kukilinda cha kwanza. Jikoni kulinukia hiliki na samaki kwa wakati mmoja, kwani chupa ya kahawa haikupata kuwa tupu na kila Alkhamisi mvuvi wa Yiti alileta papa au nguru. Chumba cha Bibi kilikuwa na kabati la mbao jeusi, na ndani yake kila kitu kilikuwa kimefukizwa: kanga, shuka, hata noti alizokuwa akitupa sikukuu zilinuka udi. Bibi alikuwa na ugomvi mmoja mkubwa na nchi hii, nao ulikuwa wa vumbi. Aliipenda Maskati, alikuwa hataki isemwe vibaya, lakini asubuhi na alasiri alishika kitambaa akapita nacho kila pembe akinung’unika. “Unguja tukifuta ukungu,” alikuwa akisema, “hapa tunafuta mlima. Siku moja mtaniona nimeufuta wote.”

Labda ndiyo maana nilicheka siku Dokta Mbarouk aliponiita ofisini kwake akaniuliza ninajua nini kuhusu vumbi. Alikuwa mtu mfupi, mnene kidogo, mwenye dishdasha iliyopigwa pasi mpaka ikasimama peke yake, na kwa kuwa asili ya kwao na ya kwetu ilikuwa moja, tukiwa wawili tulisema Kiswahili. Akiingia mtu wa tatu, Kiswahili kilijificha.

“Ninajua kulifuta,” nilimjibu.

“Vizuri. Basi nikupe ambalo halijafutika.” Akaivuta karatasi akachora duara nyingi ndogo. Nikupe nami kama alivyonipa, kwa maneno mepesi. Vumbi lililo baina ya nyota si vumbi la barabarani. Ni chembe ndogo mno, nyingine jamaa ya mchanga, nyingine jamaa ya masizi, na bila ya chembe hizo hakuna sayari, wala mlima, wala kitambaa cha kuufutia. Chembe hizi hutokana na nyota. Nyota ya kadiri, kama jua letu, ikizeeka huvimba na kuanza kupumua polepole, na ile pumzi yake ikipoa njiani hugeuka masizi, kama moshi wa taa unavyoganda juu ya kioo chake. Lakini nyota ya namna hiyo huchukua muda mrefu mno kuzeeka. Sasa, darubini zinapotazama galaksi za mbali kabisa, huziona kama zilivyokuwa zamani kabisa, kwa sababu mwanga wake umekuwa njiani muda wote huo. Na katika galaksi hizo za mwanzo, ulimwengu wenyewe ukiwa bado mchanga, vumbi limeshakutwa. Limejaa.

“Limetoka wapi?” aliniuliza. “Wazee hawajazaliwa, na masizi ya pumzi zao yameshakuwamo.”

“Nyota kubwa,” nilisema. “Zile zinazoishi muda mfupi zikapasuka.”

“Wengi wanasema hivyo. Kupasuka ni mara moja, na baada ya kupasuka gesi hupoa, chembe zikaganda. Lakini mpasuko huo huo hurudi ukazivunja chembe zake. Kwa hiyo hatujui kilichosalia kinatosha au hakitoshi. Na wapo wanaosema nyota, za polepole na za haraka, hutoa mbegu tu, na chembe zikaja kunenepa baadaye ndani ya mawingu ya baridi. Mambo matatu. Watu wakubwa wanagombana. Wewe huwezi kuwaamua. Lakini unaweza kuuliza swali dogo: masizi yaliyotengenezwa polepole na masizi yaliyotengenezwa mara moja, yanameza mwanga namna moja? Kama yanatofautiana, labda siku moja mtu ataweza kutazama mwanga wa galaksi akajua vumbi lake lilipikwa kwa moto gani.”

Ya haraka tungeyatengeneza maabara, kwa kuunguza kipande cha ubani ndani ya mkebe kwa mpulizo wa oksijeni. Kwa ya polepole tulihitaji moto mdogo na mkono uliozoea, na hapo mimi nikasema, kwa fahari ambayo bado inanikaa masikioni, “Kwetu nyumbani yapo.” Kwani Bibi alikuwa fundi wa wanja wa ubani. Mtoto hakuzaliwa mtaani kwetu ila wanja wake ulitoka uwani kwa Bibi, na bibi harusi hakutoka ila macho yake yameshapita mkononi mwake.

Nilimwambia wakati wa chakula cha mchana, wali na mchuzi wa papa, pilipili mbichi pembeni.

“Bibi, nataka masizi.”

Akaliacha tonge njiani. “Masizi? Unataka kumroga nani?”

“Simrogi mtu. Ya chuoni. Nataka masizi ya ubani, kama yale unayotengenezea wanja. Tutayatia kwenye mashine.”

“Mashine ina macho?”

“Ni ya kupimia, Bibi. Ni habari ya nyota. Nikifanya vizuri watanipeleka Ulaya kusoma.”

Akanisogezea kipande kikubwa cha papa. “Kula. Nnakutengenezea.”

Asubuhi ya Ijumaa nilikaa naye uwani nikamtazama akianza. Alipanga mawe matatu madogo, katikati akaweka kibakuli cha udongo chenye vipande vya ubani na utambi wa pamba, akauwasha, na juu ya mawe akakifudikiza kisufuria cha shaba kilichokuwa kimeng’arishwa kwa ndimu. Moshi ulipanda mwembamba, ukagusa shaba, ukakaa. Hakuna kilichoonekana kutokea. Bibi alivuta mbacha akakaa, akapiga uradi wake, akamwita paka, akamfukuza, na kila mara akiinama kuangalia moto, akisema, “Ukiuzidisha utakudanganya.” Niliinuka kwenda kujitayarisha kwa sala ya adhuhuri nikamwacha pale, na jioni akanikabidhi kichupa kidogo cha kioo chenye kifuniko, cheusi tii, kimefungwa leso. Sikukifungua. Nilikipeleka chuoni kesho yake kama mtu aliyebeba yai.

Mashine yenyewe, spektromita, hupitisha mwanga ndani ya kitu na kuchora mstari kuonyesha ni mwanga gani umemezwa. Pahala palipomezwa, mstari unashuka kama bonde. Mwanga tulioutumia ni ule usioonekana kwa macho, jamaa wa joto. Tulichanganya chembe ya masizi na chumvi maalumu, tukaikandamiza ikawa kidonge cha kijivu, tukakiweka. Masizi ya haraka yalitoa mstari wa kuchosha, mteremko mmoja usio na habari. Masizi ya Bibi yakatoa bonde. Dokta Mbarouk alisimama nyuma yangu, akaiinamia karatasi. Bonde lile lilikaa pale pale ambapo wanaotazama vumbi la baina ya nyota hulikuta bonde kama hilo.

“Rudia,” alisema.

Nikarudia. Likawa lile lile.

“Bwana we!” alisema, na mtu yule aliyekuwa hacheki ovyo akatoka mwenyewe kwenda kuleta chai, akarudi na vikombe viwili na biskuti, akamwita hata Ibtisam, mwenzangu aliyekuwa meza ya jirani akihangaika na mradi wake wa vumbi la jangwani linalozifunika paneli za jua. “Njoo uone, binti, mwenzako vumbi lake limesema,” alimwambia kwa Kiarabu. Ibtisam alilitazama bonde, akanipongeza kwa moyo safi, akarudi kwenye paneli zake. Kulikuwa na bonde jingine, dogo, upande wa pili wa mstari, ambalo halikuwa na kazi pale. Tulilijadili kidogo, tukasema ni unyevu wa hewa. Maskati ina unyevu mwingi. Ni rahisi kuusingizia. Leo nikilifikiria bonde lile dogo naona kwamba lilikuwa limetuinulia mkono darasani muda wote, na sisi tulikuwa tukiwaita wengine.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya furaha, na nakiri kwamba hakuna furaha niliyopata baadaye iliyokuwa na wepesi wa ile. Asubuhi nilipita barabara kuu katika gari kuukuu la mjomba, viwanda vya Rusayl vikipita kushoto kwangu na moshi wao, nami nikiutazama moshi kama jamaa. Nyumbani, habari ilikuwa imeshatoka kwangu ikawa ya Bibi. Kila jirani aliyeingia alipewa kahawa, halwa, na habari. “Mjukuu wangu anakwenda Ulaya,” Bibi alikuwa akisema, “wanja wangu umeonekana mbinguni.” Na mimi sikumsahihisha, kwa sababu haikuwa mbali sana na vile nilivyokuwa nikijiambia mwenyewe.

Alasiri moja, zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya siku ya kuwasilisha miradi, nilikuwa chumbani nikipiga pasi abaya yangu, mlango umeachwa wazi kidogo ili upepo upite. Sebuleni Bibi alikuwa na Bi Salha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyekuwa akiuliza kila kitu mara mbili.

“Ehe, na huo wanja aliopeleka chuoni, kaununua wapi?”

“Kaununua? Salha, wewe! Si miye nimemtengenezea?”

“Umemtengenezea wewe? Ule wa ubani?”

“Wa ubani. Nikautia samli ile ya Salala, ya ng’ombe, nikaupigapiga kwa unyoya mpaka ukakaa vyema. Na chembe ya kafuri.”

“Hata wa chuoni umeutia samli?”

“Hata wa chuoni, kwani watu wa chuoni si watu? Nimpe mtoto masizi makavu ayabebe mbele za watu, aonekane hana kwao?”

Nilisimama na pasi mkononi. Nilikuwa nimezaliwa katika nyumba hizi. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba mtu wetu hatoi kitu kibichi. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, maji hayapelekwi kwa mgeni bila ya sinia, na wanja hautoki mkononi kwa mwenye wanja ila umeshatiwa samli. Nilijua yote hayo, na haikunipitia kuuliza. Nilikuwa nimeona moto, mawe na shaba, nikaenda kusali, nikadhani nimeona kazi yote. Samli ni mafuta, na mafuta humeza mwanga pale pale kwenye lile bonde letu zuri. Na lile bonde dogo la upande wa pili, tulilolisingizia hewa, nalo lilikuwa la samli. Abaya iliungua. Ina alama ya pasi mpaka leo, pembeni, sikuitupa.

Dokta Mbarouk alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikatiza. Kisha akavua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

“Samli ya Salala,” alisema.

“Na kafuri.”

“Na kafuri.” Mabega yake yakaanza kutikisika, na kabla sijajua kama analia, akacheka mpaka akashika meza. Mimi ndiye niliyelia. Alipotulia aliniambia niombe masizi mengine, makavu, nipime upya, niwasilishe nitakachokipata.

Nilikuwa nimekuja na silaha yangu nimeificha. Njia nzima kutoka Wadi Adai nilikuwa nikiipanga. “Dokta,” nilisema, “kuna lile jambo la tatu. Kwamba chembe zinatoka katika nyota zikiwa mbegu tu, kisha zinanenepa ndani ya mawingu. Samli ni kama hilo wingu. Tunaweza kusema tulitaka kuonyesha masizi yanavyobadilika yakivikwa kitu baadaye. Mstari ni ule ule. Hatubadilishi hata nukta.”

Hakukasirika. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. “Ulitia samli kwa makusudi?”

“Hapana.”

“Ulijua imo?”

“Hapana.”

“Basi hukuona mawingu, Raya. Umeona samli. Ukitaka kupima mawingu, panga upya, anza upya, na mwaka huu muda huo hatuna.” Akanisogezea sanduku la karatasi za kufutia pua. “Nnajua unachokipoteza. Ibtisam kazi yake nzima, haina tundu. Sikwambii kwamba haiumi.”

Nilikuwa na umri wa kuona kwamba alikuwa na haki, na nilikuwa mdogo kiasi cha kumchukia kwa muda wa siku mbili. Sasa, nikiwa mtu mzima ninayefanya kazi katika maabara ya rangi za kuta pale Rusayl, najua ni mara ngapi katika maisha mtu hujikuta na mstari mzuri mkononi na maelezo mawili, moja la kweli na moja la kupendeza, na ni wachache mno waliopata kukaa mbele ya mwalimu aliyewaambia mapema, kwa upole, kwamba haya mawili si kitu kimoja.

Kumwambia Bibi kulikuwa kugumu zaidi. Nilimkuta jikoni akichambua mchele. Nilianza mbali, nikazunguka, akanikatiza.

“Sema. Wanja una nini?”

“Wanja hauna kitu, Bibi. Ni mzuri kupita kiasi. Mashine imeona samli badala ya masizi.”

Akaendelea kuchambua. “Mmeutia mkono wangu kwenye mashine.”

“Bibi, sikuuliza. Ni mimi.”

“Na mambo ya Ulaya?”

“Nitapima tena. Nataka mengine, lakini usitie kitu. Makavu.”

“Makavu,” alisema, kama mtu aliyeambiwa atoke nje bila ya mtandio. Ijumaa iliyofuata aliyatengeneza, peke yake, na mimi safari hii sikuondoka uwani hata kidogo. Hakupiga uradi kwa sauti, hakumwita paka. Aliyakwangua kwa unyoya mkavu, akayatia kichupani, akakisukuma kwangu bila ya leso. “Chukua masizi yako.” Nikamwambia kwamba siku ya kuwasilisha, kama hataki kuja, si lazima. Akaniangalia kwa macho ambayo hayakuwa na mzaha. “Nimeshawambia watu n’takwenda. N’takwenda.”

Mstari wa masizi makavu ulikuwa mteremko mmoja, karibu sawa na ule wa masizi ya haraka. Hapakuwa na bonde, wala habari. Moto wa polepole na moto wa haraka, kwa mashine yetu na kwa ubani wetu, haikutofautiana kwa namna ambayo tungeweza kuiona. Hilo ndilo nililosimama kulisema mbele ya watahini, kwa Kiingereza, Bibi akiwa safu ya nyuma na abaya yake mpya, Bi Salha ubavuni pake akimuuliza kila neno maana yake, na Bibi, ambaye hakuwa akilijua hata moja, akimjibu yote. Nilieleza swali la galaksi za mwanzo, nikaonyesha mstari wa kwanza uliotufurahisha, kisha nikasema kwamba sampuli ile ilikuwa imetiwa mafuta, kwamba hivyo ndivyo wanja unavyotengenezwa na kila anayejua kuutengeneza, na kwamba mtafiti hakuuliza. Mtahini mmoja, Mmisri mwenye miwani minene, akataka kujua ni mafuta gani. Nikamwambia. Akaandika, huku akitabasamu, na ukumbi ukacheka, kicheko kirefu na si kibaya. Nilimtazama Bibi. Alikuwa akiwatazama wanaocheka, mmoja mmoja, na uso ameukaza.

Tulipotoka nje Dokta Mbarouk alimfuata kwenye benchi la varanda akasimama mbele yake kama mtoto wa madrasa.

“Shikamoo, Bi Nunu.”

“Marahaba, baba.”

“Nimekuja kukutaka radhi.”

“Radhi ya nini?”

“Tulichukua kitu kwako tukakipima, wala hatukukuuliza umekifanyaje. Kosa letu, la mwanafunzi na la mwalimu wake. Wamecheka kwa ajili yetu, si kwa ajili yako.”

Bibi akampisha nafasi kwenye benchi. “Mngeuliza ningekwambieni,” alisema. “Si siri.” Kisha akamuuliza wao ni wa wapi hasa, na mama yake alikuwa nani, wakapata jamaa wa pamoja aliyekuwa akikaa Malindi, Unguja, na hapo nikajua kwamba huyo mmoja amesamehewa. Hiyo ndiyo hotuba yote, Bi Asma. Haikuzidi hapo.

Kabla ya magharibi mkuu wa idara akalisoma jina la mwenye safari: Ibtisam. Nilimkumbatia. Alistahiki, na paneli zake leo zimeenea jangwani, na vumbi la chini limefutwa vizuri zaidi kuliko la juu. Nafuata bado habari za lile la juu. Nikisubiri watoto nje ya shule nafungua simu nasoma. Darubini zimekuwa kubwa zaidi, zinaona mbali na zamani zaidi, na wenye kuzitazama bado wanagombana ni kiasi gani cha vumbi kilitoka kwa nyota zilizopasuka, kiasi gani kilinenepa mawinguni. Ninasoma kama mtu anayesoma habari za mji aliokuwa ahamie.

Jioni ile niliwarudisha Bi Salha na Bibi kwa gari la mjomba. Bi Salha alilala nyuma kabla hatujafika barabara kuu. Malori yalikuwa yakitoka Rusayl, mstari mrefu, taa zimeanza kuwaka.

“Huyo msichana aliyeitwa,” Bibi akasema, “ndiye anayekwenda?”

“Ndiye.”

“Na wewe?”

“Mimi siendi, Bibi.”

“Hata mwakani?”

“Hata mwakani. Nafasi ilikuwa hiyo moja.”

Akayatazama malori. Nilikuwa nimejitayarisha tangu asubuhi kwa dakika hiyo. Nilikuwa na maneno ya kumwambia asijilaumu, kwamba si samli, si mkono wake, kwamba Mungu ndiye mpangaji. Nilifungua mdomo niyaanze.

“Alhamdulillahi,” alisema Bibi.

Lilitoka kwa sauti kubwa, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Palepale akajiziba mdomo kwa mkono. “Astaghfirullah. Raya, mwanangu, nisamehe. Limenitoka.”

Nilitoa gari kando ya barabara nikazima moto, kwa sababu sikuwa nikiiona njia. Nilikuwa nikicheka, au ninalia; vilikuwa vimechanganyika. Na Bibi, akiwa ameshika mkono wangu juu ya usukani, akanambia yote: kwamba kila alipomaliza kumsimulia jirani habari ya Ulaya alikuwa akiingia chumbani kwake, akifunga mlango, akikaa kitandani, kwamba alimuomba Mungu nifaulu, na katika dua hiyo hiyo alimuomba nisiondoke, akaona haya kuomba viwili kwa pamoja, kwamba alikuwa ameshafukiza nguo za kunifungia, zimo kabatini, na kila akizitazama anazirudisha chini ya nyingine.

Gari la polisi likasimama mbele yetu. Kijana akashuka, akaja dirishani, akatuona wanawake wawili wanalia na wa tatu amelala, akauliza kwa Kiarabu kama gari limeharibika.

“Gari zima, mwanangu,” Bibi alimjibu, naye kwa Kiarabu, akijipangusa uso. “Mjukuu wangu haendi.”